Akiba Haiozi? Kuhusu Vifaa Tunavyobeba Kwenye Gari Dogo la Michezo

Boksi la vifaa lilikuwa zito kiasi cha kushushwa na watu wawili.

Tulikuwa kwenye msafara wa magari machache ya michezo yenye sura ya zamani, yale ya viti viwili, boneti ndefu, taa za mviringo na kioo cha mbele kifupi. Kwenye kona moja yenye shimo, gari la rafiki yetu lilidunda, likakohoa mara moja, likazima. Tukalisukuma hadi pembeni. Mwenye gari akafungua boneti, kisha akafungua boksi, na sote tukasogea kutazama, maana akiba kama ile huioni mara nyingi: plagi mpya, koili (inayotoa umeme wa cheche), mkanda wa alteneta, mipira ya maji, sensa zikiwa bado kwenye pakiti zake, fyuzi za kila rangi, soketi za inchi na za milimita. Kila kitu kilikuwa kimeviringishwa kwenye kitambaa safi na kuandikwa jina.

Kazi ikaanza. Starta ilikuwa ikizungusha injini vizuri, lakini injini haishiki. Plagi zikafunguliwa, zikatoka kavu, zikawekwa mpya. Bado. Koili ikabadilishwa. Bado. Sensa ikabadilishwa. Betri ikaanza kuchoka, na jua nalo likaanza kushuka.

Dada yake mwenye gari, ambaye ndiye aliyekuwa abiria wake, alikuwa amesimama kando muda wote huo. Akauliza, “Kaka, mbona leo halivumi?”

“Halivumi nini?”

“Ukifungua swichi, kabla hujapiga starta, huwa nasikia kitu kinavuma huku nyuma ya kiti, halafu kinanyamaza. Leo sijakisikia.”

Pampu ya mafuta.

Magari mengi ya namna hii yenye injekta, yaani yanayopuliziwa mafuta kwa pampu ya umeme badala ya kutumia kabureta, yana swichi ndogo inayokata umeme wa pampu gari likipata kishindo, ili mafuta yasiendelee kumwagika baada ya ajali. Shimo lile lilitosha kuifyatua. Tukachungulia chini kuhakikisha hakuna bomba linalovuja, mwenye gari akapeleka mkono kwenye ukuta nyuma ya injini, akabonyeza kitufe, akafungua swichi. Mvumo ukasikika. Injini ikashika papo hapo.

## Boksi halikuwa na kosa

Nimekaa na tukio hilo wiki kadhaa, na kila nikilirudia linakataa kutulia.

Ingekuwa rahisi kusema jamaa alibeba vitu vingi mno. Sidhani. Kila spea iliyokuwa mle ndani ni ya kitu ambacho huwa kinakufa kweli njiani. Sensa ya krankishafti ikifa, kompyuta ya injini haijui pistoni ziko wapi, na hapo hupati cheche wala mafuta. Mkanda wa alteneta ukikatika, betri haichajiwi, na kwenye injini nyingi pampu ya maji husimama pamoja nao. Hakuna cha kucheka katika boksi lile.

Ninachokiona sasa ni kwamba jibu lilikuwa limeshatolewa mapema. Plagi zilizotoka kavu baada ya starta kuzungushwa muda mrefu zilikuwa zimesema wazi: mafuta hayafiki kwenye silinda. Zikiwa zimelowa mafuta, ungefikiria cheche. Zikiwa kavu, unaanza nyuma, kwenye tangi, fyuzi, relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) na pampu. Zilisema, lakini mikono ilikuwa tayari imeshika plagi mpya.

Hili ndilo lililonisumbua. Je, spea mkononi inatufanya tuache kuuliza?

Maana mtu mwenye koili mpya kwenye boksi ana hamu ya kuifunga. Kuifunga ni kazi, na kazi inatuliza moyo gari likiwa limekufa na watu wanakutazama. Kupima hakutulizi. Kupima kunakufanya usimame kimya, usikilize, uguse, uonje kutojua kwa dakika kadhaa.

## Nafasi ni ndogo, na uzito una mahali pake

Magari haya hayakujengwa kwa ajili ya mizigo. Colin Chapman, mwanzilishi wa kampuni ya Lotus, alipotoa gari la Lotus Seven mwaka 1957, wazo zima lilikuwa kuondoa kila kisichohitajika. Magari yanayofuata umbo hilo hadi leo mengi yana uzito wa karibu nusu tani. Hata ndugu zake wenye starehe zaidi, kama MGB iliyotoka mwaka 1962, zina buti ambalo tairi la spea tayari limekula sehemu kubwa.

Kwenye gari la nusu tani, boksi la kilo 30 nyuma ya ekseli ya nyuma unalisikia kwenye usukani. Mbele panakuwa pepesi, nyuma panachelewa kutulia kwenye kona. Tena chuma kisichofungwa ni hatari chenyewe: spana iliyolegea nyuma ya kiti, gari likigonga kitu, inaendelea kwa mwendo ule ule uliokuwa nao gari, na mbele yake kuna kichwa chako.

Kwa hiyo kila kitu kinachoingia lazima kitetee nafasi yake. Swali ni kitetee kwa hoja gani.

## Akiba inayooza

Wahenga walisema akiba haiozi. Kwa nafaka na fedha nawakubalia. Kwa spea za gari, nimeanza kusita.

Mkanda wa mpira uliokaa miaka ndani ya buti, ukipikwa na joto mchana na kupoa usiku, unakuwa mgumu na kuanza kupasuka kwenye mikunjo bila hata kufungwa siku moja. Mkebe wa dawa ya kuziba pancha una tarehe ya mwisho wa matumizi, na wengi hatuisomi tena baada ya kuuweka. Mafuta ya breki, ukishafungua chupa, hunyonya unyevu wa hewa. Betri za tochi huvuja. Na mtikisiko wa gari lenye springi ngumu hufanya kazi ya msasa: spea iliyolala juu ya spana hutoboka polepole, na siku ukiihitaji unakuta mpira wa maji una kidonda.

Halafu kuna jambo ambalo watu waliokaa na magari haya muda mrefu hulifanya, nami limenibadilisha mawazo kabisa. Wakinunua spea mpya hawaiweki kwenye buti. Wanaifunga kwenye gari, wanaiendesha kwa muda, na ile waliyoitoa ikiwa bado nzima ndiyo inakuwa akiba.

Mara ya kwanza niliona kama ni ubahili. Sasa naiona ni busara kubwa. Rota mpya au kondensa mpya, vipuri vidogo vya mfumo wa cheche, ndani ya pakiti haijawahi kuthibitishwa na yeyote, na vipuri vinavyotengenezwa upya kwa magari ya zamani havifanani ubora. Kimoja kinaweza kudumu miaka, kingine kikafa siku hiyo hiyo. Kile kilichotoka kwenye gari kikiwa kinafanya kazi kina ushahidi. Kinatoshea, bolti zake zinaingia, na wewe mwenyewe umeshakifungua na kukifunga mara moja kwa mikono yako, ukiwa kwenye mwanga na bila haraka.

Hiyo ya mwisho ndiyo yenye thamani kuliko zote. Spea ambayo hujawahi kuifunga ukiwa nyumbani, sioni utaifungaje gizani kwa tochi ya mdomoni.

## Spana za familia tatu

Hapa sitakaa sana, ila lazima niseme, kwa sababu ndipo uzito mwingi unapojificha.

Magari ya michezo ya Kiingereza ya zamani yalitumia nati za inchi, na ya zamani zaidi yalitumia mfumo wa mhandisi Joseph Whitworth, aliyependekeza vipimo vyake mwaka 1841, ambapo spana inaitwa kwa unene wa bolti na siyo kwa upana wa kichwa cha nati. Injini za baadaye zikaja na milimita. Gari lililojengwa leo kwa sura ya zamani linaweza kuwa na injini ya milimita, ekseli ya inchi iliyotoka kwenye gari kuukuu, na mwili uliofungwa kwa bolti za chochote alichokuwa nacho mjenzi. Ndiyo maana watu hubeba seti mbili nzima.

Baadhi ya vipimo vinaelewana. Inchi 3/4 ni milimita 19.05, kwa hiyo spana ya 19 inaikamata vizuri. Inchi 5/16 ni 7.94, na spana ya 8 inaitosha. Lakini inchi 1/2 ni 12.7, spana ya 13 itaingia, itazunguka mara kadhaa, kisha italamba pembe za nati mpaka isishikike tena na chochote. Inchi 7/16 ni 11.11, na spana ya 11 inabana mno au haiingii.

Nilichofanya mimi ni kuchukua daftari na kuzunguka gari langu, nikiandika spana ya kila kazi ambayo niko tayari kuifanya barabarani. Siyo kila nati ya gari. Kazi hizo tu. Orodha ikawa fupi mno kuliko nilivyotarajia, na seti kubwa ikabaki ukutani.

## Mara nyingi ni umeme, na umeme haubebeki

Sasa nifike pale ninapotaka kukaa.

Gari langu ni la kabureta mbili na distribyuta, kifaa kinachogawa cheche kwa kila plagi. Hakuna kompyuta. Watu huniambia hiyo ni bahati, kwamba gari la namna hiyo “linatengenezeka”. Ni kweli kwa sehemu. Pointi (swichi ndogo ya ndani ya distribyuta) na kondensa zinaingia kwenye mfuko wa shati. Ndani ya distribyuta, pointi zikifunguka mkondo wa koili unakatika, uga wa sumaku unaanguka, na hapo ndipo volti kubwa ya cheche inapozaliwa. Kondensa iko pale ili umeme usiruke kati ya pointi na kuziunguza. Kondensa ikianza kufa, gari hukata mara kwa mara likipata joto, likipoa linawaka kana kwamba halikuwa na neno. Fila geji ndogo, kibati cha kupimia pengo, pengo la karibu milimita 0.4, bisibisi fupi, na umerudi barabarani.

Lakini nikikumbuka magari niliyosimama kuyasaidia, au yaliyosimama kwa ajili yangu, mara nyingi spea haikuwa na kazi yoyote. Kulikuwa na waya uliochomoka. Fyuzi iliyoshika kutu kwenye miguu yake. Kiungo kilicholegea nyuma ya dashibodi. Na zaidi ya vyote, ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri.

Injini imekalia mipira, na mpira haupitishi umeme. Umeme mkubwa unaokwenda kwenye starta lazima urudi kwenye betri, na njia yake ni mkanda mmoja wa waya uliosukwa kutoka injini hadi chesisi. Mkanda huo ukikatika au ukila kutu, umeme haukubali kukaa. Unatafuta njia nyingine, na njia nyingine mara nyingi ni waya wa akseleta au waya wa klachi, kwa kuwa ni chuma kinachounganisha injini na mwili. Waya mwembamba kama huo ukipitishiwa mkondo wa starta unapata moto, ganda lake linayeyuka, na siku moja akseleta inakuwa nzito bila sababu unayoielewa.

Fikiria hapo mtu mwenye waya mpya wa akseleta kwenye boksi. Ataufunga. Utaungua nao.

Kwenye magari ya mwili wa faibaglasi hali ni ngumu zaidi, maana mwili wenyewe haupitishi umeme, kwa hiyo kila taa na kila pampu inahitaji waya wake wa kurudi. Taa ya kona inayofifia kila ukikanyaga breki, taa mbili zinazowaka pamoja ilhali umewasha moja: dalili ya mvua ni mawingu, na haya ndiyo mawingu ya ethi mbovu.

Hakuna spea ya haya yote. Kuna kupima tu. Na vifaa vya kupimia ni vyepesi kuliko spea yoyote: testa yenye waya mrefu na kibanio, multimita ndogo. Betri iliyotulia na kujaa inasoma karibu volti 12.6. Injini ikiwa inanguruma na alteneta ni nzima, unasoma karibu 14. Ukisoma 12 na inashuka, acha kufungua plagi. Nenda kwenye mkanda na alteneta. Magari ya Kiingereza ya zamani yana msaada mwingine wa bure, rangi za waya: kahawia ni umeme wa moja kwa moja kutoka betri, nyeupe ni wa swichi, kijani ni wa swichi uliopita kwenye fyuzi, nyeusi ni ethi. Anayejua hizo rangi nne ameshafika nusu ya njia.

Hapa ndipo mawazo yangu yalipogeuka. Nilikuwa nikipima mkoba wa safari kwa swali la “nini kitakufa?” Nikaanza kuupima kwa swali la “nitajuaje?”

## Vitu vinavyogeuka kuwa vitu vingine

Ukianza na swali hilo la pili, unapenda vitu vya aina tofauti.

Nyaya za kubusti, kwa mfano. Nilikuwa nikizihesabu kama kitu cha betri tu. Lakini ukibana upande mmoja kwenye injini na mwingine kwenye ncha hasi ya betri, tayari una ethi ya muda, na papo hapo umepata jibu: starta ikizunguka kwa nguvu, mkanda wa ethi ndio mgonjwa. Kifaa kimoja kimepima na kutibu.

Waya wa mita kadhaa wenye kibanio kila mwisho na fyuzi katikati. Kwenye gari la distribyuta, waya huo kutoka ncha chanya ya betri hadi upande wa swichi wa koili unaweza kukurudisha nyumbani swichi ya ufunguo ikifa. Ujue tu kwamba injini haitazima kwa ufunguo mpaka uuchomoe, na kama gari lako lina rezista (kipunguza umeme) kabla ya koili, koili itapata joto kupita kiasi ukienda nayo mbali.

Waya wa breki ya baiskeli na kishikio chake kidogo cha skrubu, unaokuwa waya wa akseleta. Utepe wa silikoni unaojishika wenyewe, unaoziba mpira wa maji uliopasuka; ukishauzungusha, unalegeza kidogo kifuniko cha rejeta ili presha isijengeke. Hapo lakini kuna bei: kifuniko cha presha ya karibu bar 1 ndicho kinachofanya maji yasichemke mpaka karibu nyuzi 120, ukikilegeza maji yanarudi kuchemka kwenye 100, kwa hiyo unaendesha pole pole na macho kwenye geji. Na kifuniko chenyewe hakiguswi injini ikiwa ya moto.

Vifungo vya plastiki vya kufungia nyaya. Waya laini wa chuma. Nati chache zile zenye plastiki ndani, kwa sababu gari jepesi lenye springi ngumu linatikisa kila kitu na nati ya kawaida hulegea.

Kwa wenye injekta, relei ni zawadi ya namna hiyo hiyo. Magari mengi yana relei kadhaa zinazofanana kabisa. Pampu haivumi na swichi ya kishindo haikufyatuka? Chomoa relei ya honi, weka kwenye tundu la pampu. Ikivuma, umepata ugonjwa na dawa bila kubeba kitu.

## Safari ya 1888

Katika wiki hizi nimerudi mara nyingi kwa Bertha Benz. Wapenzi wa magari wote wanamjua, kwa hiyo sitasimulia safari nzima: Agosti 1888, Mannheim hadi Pforzheim, zaidi ya kilomita 100, na wanawe wawili, Richard na Eugen, kwenye gari ambalo mumewe Karl alikuwa amelipatia hataza.

Inasimuliwa kwamba bomba la mafuta lilipoziba alilizibua kwa pini ya kofia. Waya wa cheche ulipochubuka aliuzungushia mkanda wa soksi yake. Breki za mbao zilipolika alimwendea fundi viatu azipigilie ngozi. Mafuta alinunua kwenye duka la dawa huko Wiesloch.

Wengi humsifu kwa ubunifu, na anastahili. Mimi navutiwa na kilichotangulia ubunifu. Huwezi kuchukua pini ya kofia kama hujui kwamba kilichokufa ni bomba la mafuta. Huwezi kufunga waya kama hujautambua uliochubuka. Bertha alikuwa ametumia fedha zake kusaidia kazi ya mumewe na alikuwa ameishi karibu na mashine ile tangu ilipoanza. Aliifahamu ikiwa nzima.

Hilo ndilo alilokuwa nalo yule dada kando ya barabara. Hakuwa na spana wala jina la kifaa. Alijua gari linavyosikika likiwa zima, akaona pengo.

Tangu hapo nimeanza mazoea mapya. Naendesha bila redio dakika chache za mwanzo. Nafungua swichi na kusubiri kabla ya starta. Geji ya mafuta ya injini inasoma ngapi ikiwa baridi, ngapi ikiwa moto? Joto linakaa wapi kwenye mwinuko? Namba hizo nimeziandika kwenye karatasi iliyo ndani ya mkoba, pamoja na pengo la pointi, mpangilio wa nyaya za plagi na fyuzi ipi inalisha nini. Karatasi hiyo nimeipa nafasi kabla ya spana.

## Mahali ambapo boneti haifunguliwi

Kuna shaka moja iliyonijia baadaye, na ni nzito kuliko nyingine zote.

Mkoba mzuri unakushawishi ufanye kazi pale ulipo. Na pale ulipo panaweza kuwa mahali pa kufa.

Gari hili ni fupi. Mengi hayafiki kifuani mwa mtu mzima, na dereva wa lori anayetokea kwenye kona analiona akiwa amechelewa. Wewe uliyepiga magoti kando ya gurudumu lake uko chini zaidi. Uingereza, kanuni za barabarani zinataka pembetatu ya tahadhari iwekwe angalau mita 45 nyuma ya gari kwenye barabara za kawaida, lakini kwenye barabara kuu za kasi zinakataza kuiweka kabisa, kwa sababu kutembea kwenda kuiweka ni hatari kuliko faida yake. Nimeisoma kanuni hiyo upya kwa macho mengine. Kama kutembea tu na pembetatu hakufai, kubadilisha mpira wa maji kutafaa vipi?

Basi nimejiwekea mpaka. Kwenye kona, kwenye daraja, kwenye barabara ya kasi, usiku mahali pasipo na bega pana la barabara, boneti haifunguliwi. Tunatoka upande wa mbali na magari, tunasimama nyuma ya ukuta au juu ya tuta, tunapiga simu. Mkoba unabaki ulipo, hata kama ndani yake mna kile kile kinachohitajika. Abiria anaambiwa hivyo kabla ya safari.

Kwa hiyo vizibao vya kuakisi mwanga, viwili, haviko kwenye buti. Viko chini ya viti, vinafikiwa kabla mlango haujafunguliwa. Kizima moto nacho kimefungwa ndani, karibu na mkono. Tochi ya kichwani iko pamoja nacho.

## Kinachoingia, kinachobaki

Sasa kila kitu kinachotaka kuingia kwenye mkoba wangu kinapita maswali matatu. Nitajuaje kwamba hiki ndicho kilichokufa? Nimeshakifunga kwa mikono yangu mwenyewe? Na kazi yake inaweza kufanyika pembeni ya barabara bila kulaza mtu chini ya gari?

Pampu ya maji imeshindwa swali la tatu. Gasketi ya silinda hedi imeshindwa mapema zaidi. Pointi na kondensa zimepita, na rota, na mkanda wa alteneta uliotoka kwenye gari ukiwa mzima, na plagi moja tu badala ya seti, kwa kuwa plagi moja inatosha kupimia cheche na plagi zote hazifi kwa pamoja. Pampu yangu ya mafuta ni ya umeme, ile ya zamani inayogonga taka-taka-taka. Pointi zake zikishikana huamka ukiigonga kidogo kwa mpini wa bisibisi, kwa hiyo nayo haina spea.

Kilichobaki na mzozo ni tairi.

Mkebe wa dawa ya kuziba unasaidia tundu la msumari. Hausaidii tairi lililochanika ubavuni, na kwa rimu za spoku, ambazo kwa kawaida zinahitaji tyubu ndani, siutegemei. Tairi la spea linakula buti na kuongeza uzito pale pabaya. Tena kuwa nalo hakutoshi. Gari la chini kama hili likiwa na pancha hulala kiasi kwamba jeki haiingii. Unahitaji ubao wa kulipandisha kwanza. Jeki yenyewe lazima ikae kwenye chesisi au mahali palipotengwa, maana sakafu ya alumini itabonyea. Kwa rimu zinazofungwa na nati moja ya katikati, unahitaji nyundo ya shaba au ya risasi ili usiharibu nati, na lazima ukumbuke kwamba nati za kulia na za kushoto hufunguliwa kwa kuzungushwa pande tofauti. Mshale uliochorwa juu yake uutazame kila mara, hata kama una hakika. Baada ya kilomita 50 hivi unasimama na kukaza tena.

Nimelifanyia zoezi hilo lote kwenye uwanja wa tambarare, pamoja na ubao, na sasa najua linachukua nafasi kiasi gani na jasho kiasi gani. Kwa safari inayolala njiani, tairi linakwenda, na begi la nguo linapungua. Kwa mzunguko wa asubuhi kwenye barabara zenye watu, naliacha na kubeba mkebe pamoja na pampu ndogo ya upepo. Ubao unakwenda siku zote, kwa sababu hata fundi atakayekuja kunisaidia na jeki yake kubwa atauhitaji.